Jezi za oda Ngamiani: kitambaa safi, namba za mgongoni ndo majanga

Wadau wa soka la mitaani Tanga, hasa nyie mameneja mnaobeba begi la jezi mgongoni na daftari la michango mkononi, hii inawahusu. Timu ilinipa kazi ya kutafuta jezi mpya kabla ya mechi ya ligi, sasa naleta ripoti ya lile duka la kuprinti jezi kule Ngamiani. Jina silitaji, mwenye duka ni mtu wa watu na nitakayosema hapa sio yote ya sifa, ila wenyeji mtalijua tu. Kwa kifupi kitambaa nawapa tano kwa tano, ushonaji nne, kutunza muda mbili, na namba za mgongoni tutazikuta kwenye mechi maana huko ndo zilijieleza zenyewe.

Kwanza muelewe kwanini tulikuwa na haraka. Sisi tuko daraja la tatu, ligi ya mkoa, ile ambayo bingwa wake anaenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine kutafuta kupanda. Ratiba ikatupa timu ya taasisi. Aliyewahi kucheza ligi ya mkoa anajua neno taasisi linavyotia tumbo joto. Wale wenzetu wana ajira, mazoezi ni sehemu ya kazi, asubuhi wako uwanjani wakati beki wetu wa kati anaziba pancha za baiskeli za watu, golikipa yuko Deep Sea anagombania samaki na wachuuzi, na winga wetu wa kulia yuko kijiweni anasubiri abiria wa bodaboda. Sisi mazoezi yetu ni saa kumi na moja jioni mpaka mpira usipoonekana, na kati ya wachezaji ishirini wakija kumi na mbili kocha anashukuru Mungu.

Sasa tatizo likawa rangi. Jezi zetu za zamani nyekundu, na wao nyekundu. Hapa mjini hilo sio ajabu, mtu akianzisha timu Tanga anawaza Coastal Union kwanza, ule ubingwa wa 1988 wazee bado wanausimulia utadhani kombe limekuja juzi, kwa hiyo kila mtaa una timu nyekundu na nyeupe. Sheria ya nne ya mpira inataka rangi za timu mbili zitofautiane, na zitofautiane na za waamuzi pia, na kwenye ratiba sisi ndo tulioandikwa wageni kwa hiyo wa kubadilisha ni sisi. Kuazima jezi za timu ya jirani tulishachoka, mara ya mwisho walitudai bukta ambayo hatukupewa.

Kuchagua rangi jamani ni kesi nyingine, nyie mnajua. Kijani na njano nusu ya timu wakagoma, hizo ni rangi za Yanga na hao ni wana Msimbazi, yaani Simba. Bluu mtu akasema inafanana na sare ya shule. Tukaishia rangi ya chungwa, mmoja akasema na Muheza kwenye machungwa yao watatushangilia, kikao kikafungwa.

Huduma ya pale dukani ni nzuri, hapo sina neno. Mama mwenye duka anakukaribisha unakaa, anakuonyesha vitambaa unashika kwa mkono wako sio kuangalia picha kwenye simu, na anakueleza tofauti. Tulichagua ile poliesta nyepesi yenye vitobo vidogo vidogo. Kwa joto la hapa kwetu ndo penyewe, maana Tanga sio jua tu, ni ule unyevu wa bahari, jasho halikauki, ukivaa jezi ya pamba mpaka mapumziko imeshanywa jasho lote na unabeba mzigo. Bei ikawa 17,000 jezi na bukta kwa mtu mmoja, soksi 3,500 jozi, tukatoa advansi nusu na risiti tukapewa. Saizi za pale ni ndogo kidogo, XL yao ni L ya sehemu nyingine, kwa hiyo nenda na jezi ya zamani inayomkaa vizuri yule mtu wenu mnene kuliko wote mkapime pale pale.

Tuje kwenye kuprinti sasa, hapa msikilize vizuri kwasababu ndo penye pesa yenu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni sablimesheni, wino unachapwa kwenye karatasi maalum halafu karatasi na kitambaa vinabanwa kwenye pasi kubwa ya moto, kama nyuzi joto 200 hivi, wino unageuka hewa na kuingia ndani ya nyuzi za kitambaa. Ukipitisha kidole husikii kitu, namba ni kitambaa chenyewe, haibanduki mpaka jezi ife. Sharti lake kitambaa kiwe poliesta na kiwe cheupe au cha rangi ya mwanga, ndo maana jezi nzima inaanzia kwenye kitambaa cheupe, inachapwa rangi na namba na kila kitu, halafu ndo inakatwa na kushonwa. Inachukua muda. Njia ya pili ni vinili, namba inakatwa kwenye karatasi ya plastiki inabandikwa juu ya jezi iliyoshonwa tayari, fasta, na ikibandikwa kwa moto sahihi na mgandamizo sahihi nayo inadumu tu vizuri. Moto ukiwa mdogo, au mtu akiwa na haraka, hapo una stika.

Makubaliano yetu yalikuwa sablimesheni. "Shekhe usihofu, Ijumaa baada ya swala njoo chukua mzigo." Ijumaa baada ya swala nikafika, mzigo haupo. Jioni haupo. Jumamosi mchana haupo na mechi ni Jumapili. Umeme ulisumbua, sawa, umeme unasumbua kila mtu, lakini simu si ungenipigia? Usiku naitwa, nakuta jezi za machungwa zilizoshonwa tayari na kijana wa mashine anabandika namba za vinili harakaharaka, namuuliza dogo hii vipi, ananijibu "meneja hii ni ile ile". Sio ile ile. Ila saa nne usiku kabla ya mechi utafanya nini, nikabeba.

Asubuhi vijana walipovaa wakapendeza kwelikweli, hilo niseme. Hata wale wapinzani walituangalia mara mbili. Jina la mdhamini wetu kifuani, mzee wa vipuri, limekaa sawa, limenyooka, yaani huko pasi ilikolea.

Mechi yenyewe. Dakika ishirini za mwanzo tulikuwa hatuvuki nusu ya uwanja. Wale watu wamejaa vifua, wanakimbia bila kuhema, kona moja wanaipiga wamepanda sita na kila mmoja ana kichwa juu ya beki wetu. Goli la kwanza likaja hivyo hivyo kwa kona, la pili kiungo wao alipiga shuti la mbali mchanga ukaruka na mpira ukamdundia golikipa mbele ya mikono. Mbili bila na mapumziko hayajafika, kocha wetu amekaa chini kabisa.

Lakini kitambaa, jamani. Straika wetu alikuwa anavutwa na yule beki wao wa kushoto tangu filimbi ya kwanza, anashikwa jezi mgongoni, anashikwa ubavuni, jezi inavutika inarudi inavutika inarudi, haijachanika hata mshono mmoja. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza akavutwa pale nje kidogo ya boksi mpaka jezi ikaonekana imesimama yenyewe hewani, rangi ile hata kama refa ana usingizi lazima aone, faulo, winga wetu wa bodaboda akaiweka kwenye kona ya juu, mbili moja. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Kwa hiyo nikisema kitambaa tano kwa tano sijahongwa.

Namba sasa. Jasho lilipokolea zikaanza pembeni, kidogo kidogo, halafu zikawa zinabanduka kama ganda la chungwa, na vijana wengine walivyo watundu wanazivuta wenyewe. Kiungo wetu aliyevaa 18 moja yake ikadondoka kabisa akabaki na 8. Na 8 tunaye, nahodha. Huyu wa 18 akacheza faulo ya kijinga katikati ya uwanja, refa akatoa kadi ya njano, akaangalia mgongo akaandika 8. Sisi benchi tumeona lakini tukasema potelea mbali, njano ni njano. Kipindi cha pili dakika za katikati nahodha akamkata mtu, njano ya halali kabisa, refa anafungua kile kikaratasi chake, anaona 8 ameshaandikwa, anatoa nyekundu!

Mjue tu uwanja ulivyokuwa. Nahodha anaapa, 18 amenyamaza kimya hajui aseme au asiseme, mashabiki wao wanaimba kwaheri, mimi nimeshaingia kwenye mstari kamisaa ananirudisha. Kilichotuokoa ni kwamba mpira ulikuwa haujaanzishwa tena, na refa anaruhusiwa kubadilisha uamuzi wake kabla mchezo haujaanza upya, kibendera wa upande wetu akamwita akamwambia aliyecheza faulo ile ya kwanza ni huyu mwenye alama ya gundi mgongoni. Wakaleta fomu ya wachezaji wakalinganisha majina. Nyekundu ikafutwa. Dakika zimeenda, moto wetu umepoa, na kabla hatujakaa sawa wakatupiga la tatu. Tatu moja, ndo ikaisha hivyo. Sisemi tungeshinda, wale walituzidi na hata tungevaa jezi za Ulaya wangetufunga, lakini tulikuwa tumeanza kuwabana na wao wameanza kulaumiana, halafu ugomvi wa namba ukawapa pumziko la bure.

Wakati wa kubadilisha mchezaji nako kukawa na shida, mwamuzi wa akiba anauliza anatoka namba ngapi, tunajibu 14, anaangalia uwanjani 14 hamna, kuna 4 wawili. Tukamalizia kwa kuandika kwa makapeni. Kwenye poliesta yenye jasho makapeni inatambaa, msijaribu.

Jumatatu nikarudi dukani na begi zima. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita kwakweli. Mama mwenye duka akatoa jezi moja akaikwangua kwa kucha, namba ikatoka yote, akamwangalia yule kijana, kijana akaangalia chini. "Mwanangu, acha zote hapa." Akazibandua zilizobaki, akazibandika upya mbele yangu, safari hii moto umepimwa na kila namba imebanwa kwa muda wake, hakutudai hata mia na soksi jozi mbili akaongezea. Tangu hapo tumechezea tena na tumefua na namba ziko palepale. Hii ndo sababu bado nawapa nyota tatu na nusu badala ya mbili. Kuna wenzetu wanaagiza Kariakoo, ukipiga hesabu unakuta wanaokoa elfu mbili tatu kwa kila jezi, mzigo unaletwa na basi mpaka stendi ya Kange, sawa, lakini namba zikidondoka utamrudishia nani? Utapanda basi uende Dar kugombania namba 18?

Kwa hiyo ukienda pale andikisha kwenye risiti aina ya uprinti, neno lenyewe liandikwe, sio mdomo. Siku ya kuchukua weka wiki moja kabla ya mechi, wao ukiwaambia Ijumaa wanaelewa Jumamosi usiku. Omba jezi mbili za akiba bila namba kwa ajili ya damu, maana mchezaji akiwa na damu kwenye jezi refa hamruhusu kuendelea mpaka abadilishe. Na kwenye kufua, zile za vinili zikae siku nzima bila maji baada ya kubandikwa, halafu geuza ndani nje, maji ya baridi, usitie Jik, usipige pasi juu ya namba. Mama zetu nyumbani wanapenda kuloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, wakatazwe kwa adabu.

Mpira tulionunua pale, 35,000, saizi namba tano, tulienda kuupima kwenye mzani wa duka la nafaka jirani, gramu 430, uko ndani ya zile 410 mpaka 450 zinazotakiwa, na hewa inakaa. Ulowanishe kisindano kabla ya kujaza upepo tu, kikavu kinaua vali.

Glavu za kipa msinunue pale. 25,000 kwa glavu ambayo kiganja chake kilianza kumeguka siku ya kwanza kwenye mchanga, kipa wetu sasa hivi anadakia zile zake za zamani zenye viraka na anasema ni bora hizo.