Mawe 36 bila saruji: uzoefu wangu na mashine ya kukata mawe

Mimi ni mwashi hapa Tororo, mwaka wa 20 sasa na patasi mkononi. Majuzi nilipeleka marumaru ya Moroto kwenye karakana moja ya Kampala yenye mashine inayoongozwa na kompyuta. Nilitaka dari bapa juu ya mlango wa madrasa, mita moja na nusu kila upande, mawe 36 yanayoshikana yenyewe.

Mtindo huu ni wa zamani. Mfaransa Joseph Abeille alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1699. Kila jiwe lina mbavu nne za mshazari: kwa mbili linaegemea majirani, kwa mbili linawabeba wengine. Ukitazama kutoka chini unaona miraba tu. Juu yanabaki mashimo kama piramidi. Lazima kingo zizuiwe zisitanuke, nami nilizungushia mkanda wa zege lenye nondo.

Kwa umbo hili mashine ni neema. Nyuso zote ni bapa, kwa hiyo diski ya almasi inatosha: kichwa kinainama, maji yanamwagika, diski inapita. Nilipitisha kidole kwenye ubavu wa jiwe la kwanza, sikuhisi wimbi hata kidogo. Ungetaka nyuso zilizopinda, kisu kinachozunguka cha kuchonga kingelamba jiwe polepole, na pale unalipia saa za mashine, si idadi ya mawe.

Shida ilikuwa faili. Kijana wa kompyuta alichora mawe yakigusana kabisa, hakuacha nafasi ya kiungo. Jiwe likizidi nusu milimita, safu ya mawe sita imezidi milimita tatu. Safu ya mwisho ilikataa kuingia. Nikagonga kwa nyundo ya mpira, kona ikamomonyoka. Nikashika grainda, nikasaga mawe sita juani. Jiwe jingine lilikuja na mkato kama ngazi ubavuni, unene wa ukucha, pale umeme ulipokatika na mashine ikaendelea bila kupimwa upya. Walilikata tena bure, lakini nauli ilikuwa yangu, na hilo liliniuma.

Hata hivyo nitarudi kwao. Safari hii faili litakuwa na nafasi ya milimita 1, na nitadai vipande vinne vya mbao kwanza, nivipachike mwenyewe kabla diski haijagusa marumaru.

Kiunzi tulikiondoa Alhamisi jioni. Nikasimama chini yake peke yangu kitambo, ndipo nikamwambia maalimu awaruhusu watoto wapite.