Fundi wa Njoro aliyenitengenezea usukani wa Massey 135

Trekta yangu ni Massey Ferguson 135, ile ya injini ya Perkins ya silinda tatu, aina iliyoundwa kati ya 1964 na 1975. Inalima kwetu Mau Narok, Kenya, na kwa majirani, na viazi vikikomaa inavuta trela hadi Njoro. Mwaka jana usukani ulilegea mpaka dereva akawa anauzungusha karibu robo mzunguko kabla magurudumu hayajaitikia. Barabarani tuliyumba huku na huku, matatu zikitupigia honi.

Gereji ya kwanza walichomelea bolijointi iliyokwisha, yaani kiungo cha gololi kwenye ncha ya fimbo ya usukani, kisha mahali pa splitipini, ile pini inayozuia nati isifunguke, wakafunga waya. Kazi hiyo ilidumu siku tisa. Tukiteremka na magunia ya viazi, bolijointi ikachomoka na gurudumu la kushoto likajielekeza mtaroni. Namshukuru Mungu dereva alikuwa anaenda polepole na hakuna aliyeumia. Wenzangu, bolijointi ya usukani haichomelewi. Ikichakaa itupwe, inunuliwe nyingine.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa jua kali pale Njoro. Wengine walishanishauri ninunue boksi la stering la mtumba, yaani kasha la gia za usukani, kwa shilingi 38,000, na nilikuwa karibu kuuza ndama nilipate. Huyu hata boksi hakuligusa kwanza. Aliinua ekseli ya mbele kwa jeki, akaiegemeza kwenye magogo, akamwambia dereva atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Yeye akawa ameshika kila kiungo kwa kiganja, kimoja baada ya kingine, macho ameyafumba. Halafu akashika tairi juu na chini, akalisukasuka. Hapo ndipo ugonjwa ulipoonekana: kingipini ya kushoto, yaani chuma kilichosimama ambacho gurudumu hugeukia, ilikuwa inacheza ndani ya bushi, vile vibomba vifupi vinavyoishika, zilizolika hadi zikawa na umbo la yai.

Alinieleza jambo ambalo miaka yote sikulijua. Ekseli yangu ni ile iliyopinda kurudi nyuma, na kila gurudumu lina fimbo yake inayotoka kwenye boksi. Hakuna fimbo inayounganisha magurudumu mawili kwa mbele. Kwa hiyo upande mmoja unaweza kuwa mzima na mwingine umekwisha, na lazima upime zote mbili. Boksi lenyewe lilikuwa na kiu tu ya oili ya gia, na nati ya mkono wake imelegea.

Bolijointi nne zilinigharimu 5,600, bushi nne za shaba zilizokerezwa Nakuru mjini 6,000, na ufundi 4,500. Jumla 16,100. Usukani sasa unaitikia mara moja, na tairi za mbele haziliki tena upande mmoja.

Lawama yangu kwake ni mbili. Aliahidi siku mbili zikawa tano, na huo ulikuwa Machi, mvua inanukia na watu wanangoja kulimiwa. Tena alisahau sili za kuzuia vumbi chini ya kingipini. Nilipompigia simu alirudi akaziweka bila kuongeza malipo, na hilo limenifanya nimwamini zaidi.

Kabla ya kuondoka alimfundisha dereva kupaka grisi, na somo hilo nalithamini kuliko bushi zenyewe. Sisi tulikuwa tunapiga grisi trekta ikiwa imesimama kwa uzito wake, kumbe grisi inatoka pembeni bila kufika panapobeba uzito. Sasa tunainua gurudumu kwanza, tunafuta nipo (kichuchu cha kuingizia grisi), tunapiga mpaka grisi chafu yote itoke na safi ionekane. Tunafanya hivyo kila asubuhi ya kulima. Pia alimkataza kuzungusha usukani trekta ikiwa imesimama, na kukata kona mwisho wa shamba kabla ya kuinua plau. Hili la plau dereva wangu alilibishia sana, kwa kuwa ndivyo alivyolima tangu ujana, lakini amelishika.

Nimeshamwambia fundi arudi Agosti, mahindi yakiwa bado shambani, aangalie beringi ya gurudumu la kulia. Imeanza kunguruma kidogo tukivuta trela.