GnuCash katika duka la vifaa vya ujenzi Masasi: tathmini baada ya misimu miwili ya korosho

Kila anayeuza mabati, saruji na misumari hapa Masasi anajua kwamba mwaka wa biashara hauanzi Januari. Huanza minada ya korosho inapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, na kabla ya hapo duka huishi kwa daftari la madeni. Mkulima wa Lukuledi au Chigugu huchukua mabati mwezi Julai kwa ahadi ya kulipa msimu ukifika. Korosho zake hupitia chama cha msingi hadi ghalani, zikishanadiwa fedha huingia katika akaunti yake ya benki, na ndipo naye hupita dukani kulipa. Utaratibu huo wa stakabadhi ghalani umetumika kwa korosho tangu mwaka 2007 na sisi wauzaji tumeuzoea. Nilichokuwa sikijui, ukifika mwezi Agosti, ni kiasi gani cha mali yangu kiko mikononi mwa watu, ni kiasi gani ninadaiwa na maduka ya jumla, na kama kweli ninapata faida au ninakula mtaji.

Ndiyo sababu iliyonifanya nianze kutumia GnuCash, programu ya uhasibu isiyolipiwa, ambayo imekuwa ikitolewa tangu mwaka 1998 kwa leseni huria ya GPL. Inafanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Kuipakua kulinigharimu bando la zaidi ya megabaiti 100, na tangu siku hiyo sijahitaji intaneti kuitumia, kwa kuwa hesabu zote hukaa katika faili moja ndani ya kompyuta yangu. Haina matangazo, haina muda wa majaribio unaokwisha, na hakuna sehemu iliyofungwa mpaka ulipie. Kwa mwenye duka la mji mdogo, ambaye baadhi ya siku mtandao humsumbua, jambo hili lina uzito kuliko uzuri wa sura ya programu.

Msingi wake ni uandishi wa hesabu wa pande mbili, ule ule unaofundishwa katika somo la utunzaji wa vitabu sekondari: kila fedha inayoingia mahali fulani lazima iwe imetoka mahali pengine. Akaunti zimepangwa kama mti wenye matawi matano, yaani mali, madeni unayodaiwa, mtaji, mapato na matumizi, na chini ya kila tawi unajitengenezea akaunti ndogo kadiri ya mahitaji yako. Katika tawi la mali nimeweka droo ya duka, akaunti ya benki, M-Pesa, HaloPesa na wadaiwa. Mteja akichukua mabati 20 kwa shilingi 28,000 kila moja, akalipa 200,000 taslimu na kubakiza deni, ninaandika muamala mmoja wenye mistari mitatu: mauzo 560,000, droo 200,000, wadaiwa 360,000. Nikikosea nikaandika wadaiwa 300,000, programu hainiachi nikajidanganya, bali huitupa ile 60,000 iliyopotea katika akaunti iitwayo Imbalance-TZS, nayo hubaki pale ikionekana mpaka niitafute na kuirekebisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, kwa sababu daftari la karatasi hupokea kosa na kunyamaza.

Watu wasiosomea uhasibu wasiogope maneno debiti na krediti. Vichwa vya safu hubadilika kulingana na aina ya akaunti, kiasi kwamba kwenye akaunti ya fedha taslimu unaona kupokea na kutumia, na kwenye ya benki unaona kuweka na kutoa. Mimi nimeitumia kwa Kiingereza, lakini majina ya akaunti zangu zote nimeyaandika kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya miamala, na binti anayenisaidia dukani alishika kazi hiyo ndani ya wiki mbili.

Faida niliyoipata mapema zaidi haikutoka dukani bali nyumbani. Wengi wetu tuna mfuko mmoja: ada ya shule, unga, LUKU, mchango wa harusi ya jirani na hisa za kikoba vyote hutoka katika droo ile ile inayotakiwa kununua mzigo. Niliamua kuanzisha akaunti ya matoleo ya mwenye duka chini ya mtaji, na kila kilichotoka kwenda nyumbani, kiwe fedha au bidhaa, kikaandikwa humo. Baada ya miezi saba nilikuta nimebeba mifuko 46 ya saruji kwenda kwenye nyumba ninayojenga. Kwa wastani wa shilingi 15,000 kwa mfuko, hiyo ni 690,000, na mimi nilikuwa nikilalamika kwamba biashara ya saruji haina faida. Kumbe ilikuwa nayo, na niliyekuwa nikiila ni mimi. Tangu hapo mke wangu nami tumejipangia kiasi maalumu cha kila mwezi, na matumizi ya nyumbani tunayaandika katika faili la peke yake, lenye akaunti zake, ili hesabu za familia zisichanganyike na za duka.

Sehemu ya biashara ya programu hii inastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu wengi huishia kwenye rejista ya kawaida, yaani ukurasa wa kuandikia miamala, wasiifikie. Kila mteja wa mkopo unaweza kumsajili, ukamtengenezea ankara yenye tarehe ya mwisho ya kulipa, na anapolipa kidogo kidogo kila kiasi kikapunguzwa katika ankara yake. Kisha kuna ripoti ya umri wa madeni, inayoyapanga madeni yote kwa muda yaliyochelewa: hadi siku 30, 60, 90, na zaidi ya hapo. Wiki moja kabla ya mnada wa kwanza naichapisha, na inaniambia nani wa kukumbushwa kwa upole na nani asiongezewe mkopo hata akija na mzee wa kijiji. Deni la mtu aliyechukua bati Julai ni la kawaida kwetu, lakini deni lililopita msimu mzima bila hata shilingi elfu kumi kulipwa ni habari nyingine, na kwenye daftari yote mawili yalikuwa yakifanana.

Yapo mambo ambayo haiyafanyi, na anayeichukua ayajue mapema. Haihesabu bidhaa zilizomo stoo. Haitakuambia misumari ya inchi nne imebaki kilo ngapi. Mimi bado nahesabu mzigo mwisho wa mwezi kwa mkono, nikichukua thamani ya mwanzo, nikijumlisha manunuzi na kutoa kilichobaki, ndipo naingiza gharama ya vilivyouzwa. Kwa duka la dawa au la vipuri lenye aina mamia za bidhaa, kazi hiyo itachosha, na ningemshauri mwenye duka la namna hiyo atafute programu ya stoo. Pia haikutengenezwa kwa watu wawili kuandika katika faili moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye matawi mawili atapata shida. Na haichukui nafasi ya mashine ya EFD. Risiti ya kodi inabaki kutolewa kwa utaratibu wake. Hata hivyo, wakati wa kukadiriwa kodi, kumbukumbu zilizoandikwa kwa tarehe zina thamani yake, kwa kuwa katika madaraja ya chini ya kodi ya makadirio anayetunza kumbukumbu hupimwa tofauti na asiyetunza.

Ulinganisho na benki nao ni wa kusifiwa: unafungua taarifa ya benki au ya simu, unatia alama kila muamala uliouona, na tofauti ikibaki unajua kuna makato ambayo hukuyaandika. Kwangu karibu kila mara ni makato ya kutuma fedha kwa muuzaji wa jumla.

Umeme hukatika, na programu hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache na kuacha nakala za nyuma zenye tarehe. Nakala hizo hukaa katika kompyuta ile ile, kwa hiyo kila Jumamosi jioni, baada ya kufunga duka, naliweka faili langu katika flashi mbili: moja hubaki kwenye kabati la nyumbani, na nyingine humpelekea dada yangu aliyeko Ndanda kila nipitapo.