Utepe wa butili kwenye sitaha ya boti ya zamani: uzoefu wangu

Boti ya kabini ikishakula miaka, mvua ikinyesha godoro la omo, yaani la sehemu ya mbele ya boti, linalowa, na lawama zote huenda kwa madirisha. Mara nyingi madirisha hayana kosa. Maji yanapita kwenye matundu ya bolti za kleati za kufungia kamba na za nguzo za reli, yanatambaa ndani ya sitaha, kisha yanadondokea mbali na pale yalipoingilia. Nimetumia utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, kuziba upya vifaa vya sitaha kwenye boti ya faibaglasi ambayo katikati ya tabaka zake mbili kuna mti wa balsa. Kwa kazi hiyo sijaona kinachoushinda, mradi tundu lenyewe liwe limetengenezwa kwanza.

Ninaoutumia ni wa kijivu, upana milimita 12 na unene milimita 3, umeviringishwa pamoja na karatasi ya kuutenganisha. Kabla ya kununua rola nzima, kata kipande ukivute polepole. Butili nzuri inarefuka hadi kuwa uzi mwembamba ndipo ikatike. Ikikatika mapema, iache. Kleati ya bolti nne inakula takriban nusu mita.

Sifa yake kubwa ni kwamba haigandi. Sitaha inatanuka juani na kusinyaa usiku, kleati inavutwa na kamba, na butili inafuata mwendo huo bila kuachia. Silikoni, ambayo wengine huzibia, huacha utando ambao hata silikoni mpya haishiki juu yake. Poliyurethani nayo inashika kupita kiasi: siku utakapotaka kung'oa kifaa, jelikoti, yaani tabaka la juu linalong'aa la faibaglasi, inaweza kutoka nayo.

Sasa tundu. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokatisha njia. Ukishatoa kifaa, chokonoa ndani kwa waya uliokunjwa ncha. Unga wa mti ukitoka mweupe na mkavu, una bahati. Ukitoka mweusi na majimaji, gonga sitaha kuzunguka pale kwa mpini wa bisibisi: sehemu nzima inalia kwa mlio mkavu, iliyooza inatoa mlio butu. Eneo butu likizidi kiganja cha mkono, hiyo si kazi ya utepe tena. Inabidi tabaka moja lifunguliwe na mti ubadilishwe. Usimwage epoksi (gundi ya majimaji ya sehemu mbili inayoganda) juu ya balsa yenye maji, kwa sababu haitashika na utakuwa umeufungia uozo ndani.

Kwa bolti ya milimita 8, panua tundu hadi milimita 13 kutoka juu, upite tabaka la juu na mti, lakini tabaka la chini libaki na tundu lake la awali. Funga msumari uliokunjwa kwenye drili ukwangue mti ulio pembeni kwa ndani, kama sentimita moja kuzunguka, kisha nyonya vumbi lote. Ziba upande wa kabini kwa utepe wa gundi unaoshika vizuri. Tangulia na epoksi nyepesi kwa bomba la sindano, uiache balsa inywe, halafu jaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga.

Vipimo vya epoksi havina mjadala. Resini ya West System 105 na kigandishi chake cha 205 huchanganywa sehemu 5 kwa 1 kwa ujazo. Aina nyingine zina vipimo vyao. Kuongeza kigandishi ili ikauke haraka kunaiharibu tu. Mchanganyiko huo wa 205 unakaa dakika 9 hadi 12 kwenye kikombe penye nyuzi 22 za Selsiasi, na kukiwa na joto zaidi muda unapungua, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Ikishaganda, osha kwa maji utando kama nta unaojitokeza juu, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa, unausambaza tu.

Toboa tena milimita 8 katikati ya epoksi, kisha panua mdomo wa tundu kwa keekee ya koni hadi uzidi tundu kwa milimita 2 au 3. Usiruke hatua hii. Nafasi hiyo ya koni ndiyo inayohifadhi butili ikibanwa kuizunguka bolti, na pia inazuia jelikoti isipasuke.

Safisha pande zote kwa spiriti. Tandaza utepe chini ya kitako chote cha kifaa, kisha sokota kamba nyembamba ya butili uizungushe kwenye kila bolti pale inapotokea chini ya kitako. Bolti isizunguke kabisa: mmoja ayashike kwa bisibisi makichwa yaliyo juu, mwingine akaze nati akiwa ndani ya kabini. Kaza hadi butili ianze kuchungulia pembeni, uache. Rudia baada ya saa moja, tena kesho yake, tena keshokutwa. Anayekaza yote kwa mkupuo anaikamua butili nje na kubaki na chuma juu ya faibaglasi. Siku ya baridi butili ni ngumu, hivyo nenda polepole zaidi, maana kulazimisha kunapinda kitako.

Chini ya sitaha weka bamba la alumini la milimita 6 au washa pana (pete bapa ya chuma inayokaa chini ya nati), bila kuziba chochote. Maji yakishinda muhuri wa juu, ni heri uyaone yakidondoka kabini kuliko yajifiche ndani ya mti. Bolti ziwe za chuma cha pua cha 316, na zile za zamani zenye vishimo vya kutu karibu na kichwa zitupe.

Kasoro zipo. Mabaki ya pembeni yanashika uchafu. Yakate kwa kisu cha plastiki, yaokote kwa kudonoa na donge la butili, umalizie kwa tapentaini. Rola ikiachwa juani inalegea na karatasi inagandana. Nguzo za reli, kwa kuwa watu wanazishika na kuzivuta kila mara, zinahitaji kukaguliwa na kukazwa tena. Usiutumie chini ya mstari wa maji, wala kwenye mdomo wa kujazia mafuta, kwa sababu petroli inayeyusha butili. Usiutumie pia kwa kitu kinachoshikwa na gundi peke yake. Kwa matundu ya chini ya maji nenda na viziba vya polisalfaidi au poliyurethani, lakini polisalfaidi isiguse madirisha ya plastiki ya akriliki wala polikaboneti, itayala.

Kupima, mwagilia kwa mpira wa maji ukianzia chini kwenda juu, kifaa kimoja kimoja, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua ni bolti ipi inayovuja.