GPS au darubini za redio: kipi kinafaa kupima ardhi ya Kigoma?

Ziwa Tanganyika limelala ndani ya bonde la ufa, na kingo zake mbili zinaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mwendo mdogo hivyo unapimwaje?

Kwa Kigoma, mimi nachagua GPS. Antena yake, upana wa sahani ya wali, hufungwa kwenye nguzo ya chuma iliyozamishwa mwambani, si kwenye udongo unaovimba masika na kunywea kiangazi. Hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, usiku na mchana, kwa miaka. Kipimo cha siku moja huyumba milimita kadhaa, hasa hewa ikijaa unyevu, kwani unyevu huchelewesha mawimbi. Vikusanye vipimo vya miaka mingi, mwendo wenyewe unajitokeza. Umeme wa sola unatosha kuiendesha. Ikiwekwa nyingine Kalemie, ng'ambo ya Kongo, upanuzi wa ufa utasomeka moja kwa moja.

Darubini za redio ni kazi ya mataifa kushirikiana. Dishi la Hartebeesthoek, Afrika Kusini, lenye kipenyo cha mita 26, husikiliza kwazari, yaani viini vya galaksi za mbali sana vinavyotoa mawimbi ya redio, pamoja na madishi ya mabara mengine, kila moja na saa yake ya atomi. Tofauti ya muda wa mawimbi kufika ndiyo hutoa umbali baina yao. Mkoa hauwezi kubeba gharama hiyo. Lakini tusizibeze kabisa: setilaiti za GPS, peke yake, haziwezi kutunza kwa muda mrefu hesabu ya dunia imejizungusha kiasi gani. Hesabu hiyo hutoka kwenye kwazari, na antena ya Kigoma inaitegemea kila siku.