Apache Tika kama kichujio cha nyaraka: tathmini kutoka masjala ya ushirika Moshi

Wauzaji wa programu za utafutaji wa nyaraka za ofisi husifia zaidi injini: kasi yake, wingi wa faili inazoweza kubeba, na uzuri wa ukurasa wake wa kutafutia. Kinachosahaulika ni kwamba injini yenyewe haifungui faili hata moja. Kuna programu nyingine inayosimama mbele yake, inayofungua kila PDF, kila barua na kila jedwali, ikatoa maandishi na kuikabidhi injini ili yaingizwe kwenye faharasa. Hicho ndicho kichujio, na kikinyamaza, hata injini bora kabisa itajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Katika masjala ninayoisimamia hapa Moshi, kwenye ofisi inayohudumia vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, injini ni Apache Solr na kichujio ni Apache Tika. Ninaitathmini Tika, hasa kwa kipimo kimoja: inakusaidia kiasi gani pale kichujio maalumu ulichotengenezewa kinapokwama?

Kwa wasioifahamu, Tika ni programu huria iliyoandikwa kwa Java, inayotolewa bila malipo chini ya leseni ya Apache 2.0. Ilianza mwaka 2007 kwenye Apache Incubator, kitalu cha miradi mipya ya Apache, ikawa sehemu ya Lucene, mradi wa programu za utafutaji, mwaka 2008, kisha mradi unaojitegemea mwaka 2010, na sasa inatambua zaidi ya aina elfu moja za faili. Wanahabari wa kimataifa waliochambua nyaraka milioni 11.5 za Panama Papers, yaani nyaraka zilizovuja kuhusu kampuni za siri za nje ya nchi, zilizochapishwa mwaka 2016, waliitumia pamoja na Solr. Kwa faili za kawaida za ofisi sina cha kulalamikia: hati za Word, za zamani na za sasa, majedwali ya Excel na barua pepe zilizohifadhiwa zote husomeka bila kuguswa.

Shida yetu ilikuwa kwenye faili za mzani. Programu ya zamani iliyotumika kupimia kahawa ghalani huhifadhi stakabadhi katika muundo wake wenyewe, ambao hauko kwenye orodha ya Tika, kwa hiyo mtaalamu wa nje alipewa kazi ya kuandika kisomaji maalumu cha faili hizo, yaani kipande cha kichujio kinachosoma aina moja ya faili. Kazi ilikabidhiwa, mfumo ukawashwa, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu uliojitokeza. Kisha akaja mzee mmoja kutoka Kibosho kuulizia malipo ya pili ya kahawa yake. Karani aliandika namba ya mkulima kama ilivyo kwenye stakabadhi iliyokuwa mbele yake mezani, akairudia bila kuweka nafasi, akajaribu na jina. Mara zote mfumo ulimjibu kwamba hakuna. Mzee alibaki amekaa na karatasi yake mkononi, yenye muhuri, huku kompyuta ikikanusha kwamba aliwahi kuleta hata kilo moja. Ndiyo maana ninalichukulia suala la vichujio kwa uzito: mfumo unaokosa stakabadhi ya mtu humfanya aonekane mwongo mbele ya watu.

Hapo ndipo Tika ilipoonyesha thamani yake kubwa zaidi, nayo ni kwamba unaweza kuitenga na injini ukaihoji peke yake. Unachukua faili moja tu kati ya zile zisizoonekana, unaipitisha kwenye tika-app, Tika inayoendeshwa peke yake, kwenye kompyuta ya mezani, na unapewa mambo matatu: aina ya faili iliyotambuliwa, maandishi yaliyotoka, na jina la kisomaji kilichofanya kazi. Kwa faili letu la mzani, aina ilitambuliwa sawasawa. Maandishi yalikuwa matupu. Kwenye mstari wa X-TIKA:Parsed-By, mahali ambapo tulitarajia kuona jina la kisomaji chetu, paliandikwa EmptyParser, yaani kisomaji kitupu ambacho Tika hukitumia inapokosa kisomaji cha aina husika.

Mstari huo mmoja ulitupunguzia eneo la kutafuta kwa kiasi kikubwa. Laiti aina ingekuwa application/octet-stream, jina linalopewa faili lisilotambulika, tungejua kwamba tatizo liko kwenye utambuzi, na tungekwenda kukagua faili la custom-mimetypes.xml, ambamo huandikwa kiendelezi cha jina la faili na baiti za mwanzo zinazolitambulisha. Laiti kisomaji chetu kingetajwa lakini maandishi yakawa matupu, kosa lingekuwa ndani ya kisomaji chenyewe. Lakini aina inajulikana na kisomaji hakikuitwa. Maana yake viwili hivyo havijaunganishwa. Kuna sehemu mbili za kuangalia: kama kisomaji kimeorodheshwa kwenye faili la META-INF/services ndani ya kifurushi chake, na kama aina kinayodai kuisoma inalingana herufi kwa herufi na ile iliyosajiliwa. Kwenye orodha kilikuwepo. Kwenye aina, faili la usajili lilisema application/x-mizani, na kisomaji kilisema application/x-mzani.

Herufi moja. Kwa Tika hizo ni aina mbili zisizohusiana, na hapa ndipo ninapoipunguzia alama. Faili ambalo halina kisomaji halihesabiwi kuwa limeshindikana. Linapita kimya, maandishi yakiwa sifuri, na injini inaliingiza kwenye faharasa likiwa na jina tu. Programu inayobeba kumbukumbu za malipo ya watu ingepaswa kupiga kelele katika hali hiyo. Kwa kuwa haifanyi hivyo, sasa tuna orodha inayotolewa kila usiku ya faili zote zilizopita kwa EmptyParser, na karani huanza nayo asubuhi kabla ya kufungua dirisha la huduma.

Baada ya marekebisho ni lazima faili zote za aina hiyo zipitishwe upya. Kurekebisha kichujio hakubadilishi kilichokwisha kuingia kwenye faharasa, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani dawa haikufanya kazi. Kwetu stakabadhi zilianza kuonekana, ila za mwisho katika mafaili marefu bado zilikosekana. Chanzo kilikuwa programu inayounganisha Tika na Solr: ilitumia njia ya mkato ya parseToString, ambayo isipoelekezwa vingine huishia kwenye herufi 100,000 na kukata zinazobaki bila kusema neno. Kikomo hicho kimeelezwa wazi kwenye maelekezo ya Tika na kinabadilishwa kwa mstari mmoja.

Nyaraka zilizoskaniwa zinahitaji maelezo yake. Katika mkoa ambao wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association) mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933, karatasi za vikao na madaftari ya makusanyo ni nyingi, na picha ya karatasi haina maandishi ya kutoa. Tika huikabidhi picha hizo Tesseract, programu inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha, ikiwa imesakinishwa kwenye seva. Lugha yake ya kuanzia ni Kiingereza, hivyo sakinisha data ya Kiswahili, yenye alama swa, na uitaje kwenye mipangilio. Kurasa zilizopigwa chapa husomeka vizuri baada ya hapo. Madaftari yaliyoandikwa kwa mkono hayasomeki vya kutegemewa, na hayo tunayawekea maelezo sisi wenyewe. Kazi hii ni nzito kwa seva. Tika-server, yaani Tika inayoendeshwa kama huduma kwenye seva, katika toleo la 2 huipa kila kazi dakika 5, kisha huikatisha na yenyewe kujiwasha upya, kwa hiyo majalada makubwa tuliyagawa kwanza.

Nimewahi pia kufanya kazi na vichujio vya IFilter, vinavyotumiwa na utafutaji wa Windows, ambako kosa la kawaida ni kuweka kichujio cha 32-bit kwenye huduma ya utafutaji ya 64-bit, ambayo haiwezi kukipakia. Huko nako kuna kifaa cha kuhoji kichujio peke yake, filtdump, lakini lazima ukifuate ndani ya SDK ya Windows, kifurushi cha zana za watengenezaji programu. Kwa Tika, faili moja la jar na Java vinatosha; toleo la 3 linahitaji Java 11 au ya juu zaidi. Tika-server husikiliza kwenye mlango wa 9998, na haifai kabisa kuufungua kwa intaneti.

Ofisi yenye mtu wa TEHAMA anayeweza kusoma Java kidogo ninaishauri itumie Tika bila kusita. Isiyo naye, ikubaliane na fundi kwa maandishi kwamba atakabidhi msimbo wa kisomaji maalumu pamoja na mafaili ya mfano ya kukijaribia, kabla ya malipo ya mwisho kutoka.