Meursault Perrières 2019: mwaloni unaojua mipaka yake

Nilikosea kuumimina mvinyo huu mweupe moja kwa moja kutoka kwenye friji. Glasi ya kwanza ilikuwa na limau kidogo, basi. Nikaiacha chupa mezani kama nusu saa, na mvinyo uleule ukafunguka: siagi, lozi zilizokaangwa, ganda la limau, na kwa mbali moshi mwembamba kama wa njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Nilinusa muda mrefu kabla ya kunywa tena.

Ni mvinyo wa zabibu nyeupe za Chardonnay kutoka kijiji cha Meursault, Burgundy, Ufaransa, na zabibu zake zote ni za shamba moja, Les Perrières. Jina hilo linatokana na machimbo ya mawe ya zamani. Daraja lake ni Premier Cru, la pili kutoka juu. Meursault haina shamba la Grand Cru, daraja la juu kabisa, hata moja, ila wapo wengi wanaoamini kwamba shamba hili lilistahili.

Mimi Chardonnay za mwaloni, zile zinazolazwa kwenye mapipa ya mti huo, zilishanichosha. Nyingi zinanuka vanila na mbao mpaka zabibu huisikii. Hapa pipa lipo, unalisikia kwenye zile lozi na ukavu kidogo wa ufizi, lakini limekaa nyuma. Siagi yenyewe haitoki kwenye mbao, kama wengi tunavyodhani. Inaletwa na bakteria wanaogeuza asidi kali, ile ya tufaha bichi, kuwa asidi laini ya maziwa. Na ule unene unaojaza mdomo mzima unatokana na mvinyo kulala miezi mingi juu ya mashapo ya chachu ndani ya pipa.

Kinachonifanya niupende ni mwisho wake. Baada ya unono wote ule, unatarajia utamu uliolala ulimini. Badala yake inakuja chumvichumvi, kama umelamba jiwe lililolowa, na mate yanajaa. Nilimeza, nikahesabu hadi 30, bado ipo.

Lawama ninayo moja. Mwaka 2019 ulikuwa wa joto Burgundy, na glasi ikipoteza ubaridi pombe inaanza kuchoma kooni. Unywe kwenye nyuzi 12 au 13, usizidishe.

Nusu ya chupa niliifunga nikairudisha kwenye friji. Kesho yake vanila ilikuwa imepungua, limau limesimama wima, na ule moshi wa kiberiti uko palepale.